Sanduku Likisema Kama Mtu

Hapa mtaani kwetu Mkunazini watu husema sina adabu, kwa sababu nikiitwa siitiki. Waache waseme. Wameshaniona mara ngapi nikiitwa kwa jina langu, mara moja, mara mbili, mara tano, nami nakwenda zangu kama kiziwi, mpaka mwenye kuniita achoke anikimbilie na kunishika bega? Hapo ndipo nageuka, namtazama usoni, namwambia, "Enhe, sema." Naam sisemi. Leo nitaeleza sababu, mara moja tu, na asiyetaka kuamini mlango uko wazi, sikumshika nguo. Jambo lenyewe limenifika mimi, mchana kweupe, ndani ya nyumba yangu, nimeshiba na sina homa. Nataja homa kwa sababu wale wajuaji wa barazani wakiishiwa la kusema husema nilikuwa na homa.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa karani bandarini, na nyumbani tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Baba alikwisha fariki. Mke nilikuwa naye, tukaachana, na hayo hayakuhusuni. Mama yangu, Bi Zuwena, alikuwa kipofu wa macho yote mawili, lakini masikio yake, Wallahi, sijapata kuona mfano wake. Ngazi za nyumba yetu ni za mbao, na mtu alikuwa hajafika katikati mama ameshanambia nani anapanda, amevaa nini miguuni na mkononi amechukua nini. Alimjua muuza samaki kwa pumzi zake. Mimi alinijua nikiwa bado niko chini kichochoroni, akanipigia kelele ya kunikumbusha mkate kabla sijagusa mlango.

Mambo mawili alinifunza tangu mdogo, na yote mawili nilifunzwa kwa kofi. La kwanza, usiitike mwito wa mtu usiyemwona mpaka akuite mara tatu, maana kisichokuwa mtu hakiwezi kufika tatu. La pili, mkubwa wako akikuita, itika mwito wa kwanza, mwanamume aseme naam, mwanamke aseme abee, na usimngojeze. Nilimuuliza siku moja, sasa mkubwa wangu akiniita nami simwoni, nifanye lipi? Akanambia, "Sauti ya mkubwa wako utaijua tu." Yeye mwenyewe alifunzwa hivyo na mama yake, na nyumba nyingi za hapa mjini zimefunzwa hivyo hivyo, kwa hiyo usimcheke.

Haya, mashine. Baba alituachia gramafoni ya umeme, na amplifaya ya zile taa za kioo ambazo hukaa dakika nzima kabla ya kuwaka nyekundu, na spika moja tu kubwa ndani ya sanduku la mninga alilolichonga seremala wa hapa hapa. Kila siku baada ya sala ya Alasiri mama alikuwa akikaa juu ya mkeka wake nami namwekea santuri. Alikuwa na moja aipendayo kuliko zote, ya zamani, mwanamke anaimba na udi na fidla, aliyonunuliwa siku za uarusi wake. Ilikuwa imekwaruzika vibaya. Sauti yake ilitoka kama mtu anaimba na kichwa chake kimo ndani ya mtungi, lakini mama alikuwa akiifuata kwa midomo mpaka mwisho.

Nami nilikuwa nimeridhika, mpaka siku nilipokaribishwa kwa mtu mmoja Vuga. Mtu huyo alikuwa na spika mbili za kisasa, alizozileta baharia. Akanikalisha kitini, akaweka santuri. Nikamsikia mpiga fidla akivuta pumzi kabla ya kuanza! Nikasikia kiti cha mtu kikilia! Nilirudi nyumbani nimenuna. Tangu siku ile sanduku la baba nikilisikia nahisi kama mtu ananidharau. Nani kati yenu aliyepata ugonjwa huu asiyenielewa? Huwezi tena kusikia wimbo. Unasikia mashine tu, na kila unachokisikia ni kasoro.

Nikaenda Darajani kwa Fundi Pandu, ambaye ndiye aliyekuwa akiitengeneza mashine yetu tangu enzi za baba. Nikamuuliza tubadilishe nini, amplifaya, spika, au vyote. Fundi Pandu ni mtu wa maneno machache. Akaitazama sindano kwa kioo chake cha kukuzia, akasema, "Badilisha sindano. Hii inaichimba santuri ya Bi Zuwena kama jembe. Vilobaki wacha."

"Na spika, Fundi?"

"Spika ina nini?"

"Sauti yake ya mtungini."

"Mama yako kalalamika?"

Nikamwambia basi, atafute hiyo sindano. Aliinunua kwa mtu, akaniwekea, na kweli mikwaruzo ikapungua. Mtu mwenye akili angekomea hapo. Mimi nilizunguka mji mzima nikiulizia spika, na wakati ule vitu havikuwa vikiingia, hata waya wa kuungia taa ulikuwa wa kutafutwa. Kila duka nililoingia nikauliza, kila baharia nikamshika shati. Mji wote ulijua kuna mjinga mmoja Mkunazini anatafuta spika.

Mama hakutaka. Hili lazima lisemwe, na nalisema mbele yenu wote. Jioni moja nilipokuwa nalitukana lile sanduku akaniita, nikasema naam, nikaja nikakaa karibu yake.

"Mwanangu," akasema, "miye sioni. Sanduku likisema kama sanduku, nnajua nimo chumbani mwangu na mashine ya marehemu. Likisema kama mtu, ntajuaje nani yumo na nani hayumo?"

"Mama, ni muziki tu."

"Kwako weye muziki. Wewe una macho ya kutazama."

Ungefikiri nilinyamaza, sivyo? Nilikuwa nimetoka kazini, nimechoka, nina njaa. Nilimwambia mama yangu kwamba mshahara ni wangu na nitanunua nikitakacho. Akasema polepole kwamba hajakataza, ameuliza tu. Basi hapo ndipo nikapandwa na ghadhabu, nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia nahisi kujipiga: "Basi! Sisemi na wewe tena!" Nikatoka nikaupiga mlango nyuma yangu. Kwenda msikitini, eti.

Alhamisi iliyofuata, baada ya Alasiri, nikasikia hodi mlangoni juu. Mara moja tu. Nikasema karibu papo hapo, na alikuwa ameshaingia.

Usinitazame ukingojea niseme ana kwato. Alikuwa na viatu, tena vimepigwa rangi, na kanzu safi na kofia, mtu wa makamo, mpole, sura ya kawaida ambayo ukipishana nayo sokoni huikumbuki. Alikuwa na masanduku mawili, kila moja linanifika kiunoni, moja mkono huu na moja mkono huu, na ngazi zetu mtu mnene hupanda kwa ubavu. Hakuwa akihema. Je, mimi nilijiuliza amepandaje? Sikujiuliza. Macho yangu yalikuwa kwenye masanduku.

"Nimesikia unatafuta spika," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Umeuliza kila mahali." Kweli, nilikuwa nimeuliza kila mahali.

Mama alikuwa kwenye mkeka wake. Akainua kichwa. "Unasema na nani?"

"Na mgeni, mama."

"Mgeni gani? Miye sikusikia mtu kupanda."

Yule bwana akamgeukia, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, bibi." Mama hakujibu marahaba. Alibaki ameelekeza sikio mlangoni, uso umemkunjamana. Nikaona haya mbele ya mgeni. Nikamwambia, "Mama, mgeni anakuamkia!"

"Nani? Mbona simsikii?"

Sasa nisikilizeni. Mwanamke aliyemjua muuza samaki kwa pumzi zake anaamkiwa hatua tatu mbele yake na hasikii kitu, na mimi, mwanawe, nikafanya nini? Nikamnong'oneza mgeni kwamba mama ameanza kuzeeka. Nilimtukana mama yangu mbele ya kile kitu ili nipate spika. Hasira nilizo nazo juu ya maneno yale zingetosha kuchoma mtaa.

Nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki fedha, anataka lile sanduku letu la zamani tu. Nikamuuliza anakaa wapi, akasema Bububu, nyumba ya mwisho pale ilipokuwa ikiishia reli. Sikuuliza tena, nikaona nimempata mpumbavu. Akapima kwa shubiri kutoka ukutani, akaweka sanduku moja huku na moja kule, akaunga waya zake. Halafu akanionyesha pale katikati ya spika mbili, palipokuwa na ukuta mtupu na msumari wa kalenda.

"Hapa musiweke kitu," akasema. "Mwimbaji hukaa hapa katikati, pasipokuwa na spika. Ndivyo zilivyo hizi."

Nilijua anasema kweli, kwa sababu hata kule Vuga sauti ilisimama katikati. Akauliza, "Mama anapenda ipi?" Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nikampa santuri ya uarusi wa mama.

Nitasema kweli mpaka mwisho, hata hii: ilikuwa tamu. Niliona machozi yananitoka. Yule mwanamke hakuwa tena ndani ya mtungi, alikuwa amesimama ukutani chini ya msumari, na udi uko kushoto kwake, na nilisikia bangili zake zikigongana alipoinua mkono. Nilimgeukia mama nikitaka aniambie nimefanya vyema. Alikuwa ameshika mkeka kwa mikono miwili.

"Nani kaingia?" akasema. "Mwanangu, kuna mwanamke ukutani."

"Ni mashine, mama."

"Si mashine. Mashine naijua. Huyu ana mwili."

Ubeti wa pili ukaisha. Kwenye sanduku la zamani hapo palikuwa na mkwaruzo tu mpaka waanze tena. Safari hii palikuwa na kimya cha chumba, chumba kikubwa chenye watu, na ndani ya kimya kile sauti ya mwanamke mzima, si yule mwimbaji, ikaita, "Zuwena!"

Nimeisikia kwa masikio yangu, naapa. Na lazima ujue kwamba hapakuwa na mtu hai aliyemwita mama Zuwena tupu. Mtaani alikuwa Bi Zuwena. Baba alikuwa akimwita Binti Salim mpaka anakufa. Aliyemwita Zuwena alikuwa mmoja, mama yake, na huyo alizikwa kabla mimi sijazaliwa. Mama alikuwa ameshaniambia kwamba sauti ya mkubwa wako utaijua. Akaijua. Hakungoja ya pili wala ya tatu, maana mkubwa hangojezwi.

"Abee, mama!" akasema, kwa sauti nyembamba ya mtoto wa kike ambayo sijapata kuisikia kinywani mwake. Akainuka bila mkongojo, akavuka chumba moja kwa moja, asigonge kitu, akaenda akakaa pale katikati, uso ukutani.

Nilipiga kelele, "Mama!" Nikageuka nimshike yule mwanaharamu. Alikuwa mlangoni, amelikumbatia sanduku letu la mninga kifuani, ananitazama kama mtu aliyemaliza kazi yake. Nikaruka. Mpaka nafika mlangoni ngazi zilikuwa tupu, na hakuna ubao uliolia.

Nikang'oa waya ukutani. Santuri ikapunguza mwendo, ikasimama. Nikapiga magoti mbele ya mama, nikasema, "Mama, ni mimi. Twende ukalale." Hakunijibu. Nikasema karibu na sikio lake. Nikapiga ukelele mpaka majirani wakafungua madirisha. Nikamshika mabega, naye akashtuka, akajivuta nyuma.

"Nani huyu ananishika na hasemi?" akasema. Halafu akaniita kwa jina langu, kwa nguvu, kama anavyoniita nikiwa chini kichochoroni. "Hebu njoo! Kuna mtu kanishika!"

"Naam, mama! Ni mimi ninayekushika!"

Akangoja. Akaniita tena. Nikasema naam. Akapapasa mbele yake, mkono wake ukanifika usoni, ukapita kwenye pua na kovu langu la kidevuni, na uso wake ukatulia. Akanitambua. Kisha akasema neno lililonimaliza.

"Kumbe ni weye. Mbona husemi? Bado umeninunia?"

Umefahamu sasa? Alisikia kila kitu duniani isipokuwa mimi. Alimsikia jirani yetu wa chini, Bi Time, aliyepanda mbio kwa makelele yangu, akamwamkia na kumuuliza hali ya mguu wake. Alisikia muuza kahawa akigonga vikombe vyake njiani. Sauti yangu mimi ndiyo haikumfika, kama vile ile ya yule mgeni isivyomfika. Na mimi nilikuwa nimeshampa sababu ya kuamini kwamba sisemi naye. Nilimpa kwa mdomo wangu, na mlango nikaupiga.

Bi Time akamwambia, "Bi Zuwena, mwanao yuko hapa anasema nawe, analia."

"Usimtetee, Bi Time. Ana mdomo wake."

"Nakwambia anasema!"

"Miye ni kipofu, si kiziwi," mama akasema, na mjadala ukaisha hapo. Kila aliyekuja kumweleza alimjibu hivyo. Walikuja masheikh wakasoma, nikafukiza ubani na udi mpaka chumba hakionekani. Sikumbughudhi mtu kwa hayo, waliokuja walikuja kwa wema. Lakini wengine walitoka kwangu wakaenda barazani kusema kwamba nimemsusa mama yangu kipofu, na hao sitawasahau.

Nikamleta Fundi Pandu azifungue zile spika. Akatoa skrubu moja moja, akaondoa ubao wa nyuma wa ile ya kwanza, akamulika kwa tochi. Akafungua ya pili. Halafu akaniita nitazame. Hamna waya, hamna sumaku, hamna ile karatasi ya kutetemeka. Masanduku matupu, mbao safi, hata vumbi la msumeno halimo. Fundi Pandu alifuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu. Akasema, "Hivi miye sivijui," akaanza kukusanya vyombo vyake. Nilizichoma uani siku ile ile, na mama juu alikuwa akisema abee, abee, nakuja, naosha mikono.

Nikaenda Bububu. Nilikuwa na rungu, sikufichi, nilikwenda kuua. Nikaulizia nyumba ya mwisho pale reli ilipokuwa ikiishia, wakanionyesha magofu, kuta nne bila paa, na mzee mmoja aliyekuwa akikata majani akaniambia humo hamjaingia umeme tangu dunia iumbwe, wala mtu. Ndani, juu ya majani, sanduku letu lilikuwa limekaa limeelekea mlangoni. Halikuwa hata na tone la umande. Nililibeba kichwani mpaka barabarani nikitukana kwa sauti, na watu wakanipisha.

Wazo lililofuata lilikuwa langu, na Fundi Pandu alinisaidia kwa kuwa alimpenda mama. Alikuwa na maikrofoni anayoikodisha kwenye maulidi. Nilifikiri, kama sauti yangu haimfiki ikitoka kinywani, huenda ikamfika ikitoka kwenye sanduku la baba, ambalo analijua na hajawahi kuliogopa. Tukaunga kila kitu kama kilivyokuwa zamani. Fundi akajaribu, akasema "moja, mbili," na mama akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Sanduku letu limerudi!" akasema. "Lile lile la mtungini."

Nikaichukua maikrofoni. Nikasema, "Mama."

Akageuza kichwa. Alisikia! Fundi Pandu alinishika mkono kwa nguvu.

"Mama, ni mimi. Sikununa. Kila ukiniita naitika."

Akaelekeza sikio kwenye sanduku. Nikakumbuka alivyonifunza, nikaita kwa hesabu yake, polepole, ajue kwamba mimi ni mtu. "Mama." Nikangoja. "Mama." Nikangoja. "Mama."

Kinywa chake kilifunguka. Niliona ulimi wake ukijiandaa. Kisha akakifunga.

"Fundi Pandu," akasema, "lizime. Limejifunza sauti ya mwanangu, limejua hata hesabu. Miye n'shaitika sanduku mara moja, siitiki mara ya pili."

"Bi Zuwena, ni yeye, nnamuona kwa macho yangu."

"Mwanangu akitaka kusema na mie aje aseme na mie. Lizime."

Fundi Pandu alinitazama, mimi nikatazama chini, akazima. Taa za amplifaya zilichukua muda wake kupoa, kama kawaida.

Mama aliishi miezi saba baada ya hapo. Nilimlisha, nilimkogesha, nilimkokota mpaka dirishani apate upepo, naye alikuwa akinishika mkono na kusema peke yake, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyesusa. Kila baada ya Alasiri alikwenda pale katikati, penye ukuta mtupu, akaitika mwito nisiousikia. Na kila siku aliniita mimi pia, mara kumi, mara ishirini, na kila mara nilisema naam. Nilisema nikiwa jikoni, nilisema nikiwa nimemshika mkono. Bi Time ni shahidi.

Siku ya mwisho alikuwa na akili zake. Akaniita. Nikasema naam. Akaniita tena. Naam, mama. Akaniita mara ya tatu, nami nikaitika nikiwa nimeuweka mdomo wangu juu ya sikio lake. Akangoja, ngoja ya mtu anayesikiliza ngazi. Halafu akanipapasa kidevu, akasema, "Basi, mwanangu. Nimekusamehe."

Amenisamehe nini? Niambieni! Amenisamehe kosa ambalo sikulifanya. Nililolifanya hakuna aliyenisamehe. Mtu akija kunipa pole kwa kuniambia angalau aliniachia radhi, naondoka nisije nikampiga.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu azikwe. Sanduku la mninga liko pale pale na nguo juu yake, na mara kwa mara anakuja mjinga mwenzangu kuniuliza kama nauza amplifaya, ati anataka kupandisha mashine yake. Namuuliza nani anaisikiliza nyumbani kwake. Wengi wananieleza habari za spika. Wewe pia, kama una mashine inayokwaruza na mzee wako ameridhika nayo, badilisha sindano ukae kitako. Mtu akikuletea kitu juu bila ngazi kulia, na mama yako akasema hamsikii, mwamini mama yako. Na ukigombana naye usipige mlango, rudi useme neno lolote, hata la upuuzi, kabla hakujakucha.

Ukinikuta njiani usiniite. Njoo mbele yangu nikuone, tutazungumza, mimi si mtu mbaya. Lakini naam hutaisikia kwangu, wewe wala mwengine. Nilizitoa zote kwa mtu mmoja, miezi saba, na hata moja haikumfika.